Mimba ya Msichana na Maswali ya Watu Wazima: Kutoka kwa Kungwi hadi Redioni

1. Utangulizi

Msikilizaji wa redio mjini Kindu hukutana mara kwa mara na maneno "mimba za utotoni". Maneno haya yamezoeleka katika habari, katika mahubiri, katika semina za mashirika, na hata katika vichwa vya kazi za kumaliza masomo ambazo wanafunzi wetu huandika. Kwa mtu anayechunguza lugha, maneno hayo yana jambo moja la kushangaza: ndani yake hamna mtu. Hamna aliyetia mimba, wala hamna aliyetiwa. Kuna mimba tu, na kuna utoto.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo una historia. Katika nchi zinazozungumza Kiswahili, watu wazima waliopambana na mimba ya msichana ambaye hajaolewa wameuliza, kwa nyakati tofauti, maswali mawili makuu. La kwanza ni "nani?", yaani ni mwanamume gani aliyehusika. La pili ni "msichana huyu afanywe nini?" Tutaona kwamba swali la kwanza lilipungua nguvu kadiri shule, sheria ya shule na vyombo vya habari vilivyochukua nafasi ya wazee. Tutaona pia kwamba pale lilipobaki, aghalabu liliulizwa kwa faida ya ukoo kuliko kwa faida ya msichana. Swali la tatu, yaani ataendeleaje na maisha yake, ndilo lililochelewa kuliko yote.

Msomaji anaweza kushangaa kwamba mifano yetu mingi inatoka Tanzania, Zanzibar na Kenya, ilhali tunaandika tukiwa Maniema. Sababu ni mbili. Kwanza, Kiswahili chetu kilifika hapa kutoka pwani katika karne ya 19, kwa njia ya misafara iliyojenga vituo vya Nyangwe na Kasongo. Pamoja na lugha zilikuja desturi na istilahi za malezi. Pili, huku kwetu mambo ya sheria na ya shule huandikwa kwa Kifaransa, wakati Tanzania mjadala huu umefanyika kwa Kiswahili bungeni, magazetini na katika hotuba. Huko ndiko tunakoweza kuyaona maneno yakifanya kazi. Baada ya kuyaona, tutarudi Kindu.

2. Vitenzi na mtenda

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya jambo hili, navyo havilingani. Mwanamume "anamtia" au "anampa" msichana mimba. Msichana "anatiwa" au "anapewa". Hapa watu wawili wapo, hata kama mmoja hakutajwa, kwa kuwa kauli ya kutendwa huacha wazi nafasi ya "na nani". Kwa upande mwingine, msichana "anapata" mimba, "anashika" mimba, au, kama tunavyosema zaidi hapa Kongo, "anabeba" mimba. Katika vitenzi hivi kiima ni msichana peke yake, na sentensi inakamilika bila mtu wa pili.

Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi katika kitenzi "kuharibu". Wazee husema kwamba msichana "ameharibiwa", na papo hapo msikilizaji atauliza: na nani? Lakini husema pia kwamba "ameharibika". Kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda. Chungu huharibika, chakula huharibika, na msichana naye huharibika, kana kwamba jambo limetoka ndani yake mwenyewe. Kati ya silabi "-wa" na "-ka" mwanamume mzima hupotea.

Kifaransa cha mijini mwetu nacho kimetuletea neno "fille-mère", yaani msichana aliye mama, ambalo hutamkwa hata na wasiosoma Kifaransa. Neno hilo halina mwenzake. Hatuna katika matumizi ya kawaida jina la mvulana aliye baba, wala la mwanamume aliyezaa na mwanafunzi na kubaki kuwa mwanamume kama wengine.

Hatudai kwamba sarufi ndiyo inayotunga sheria. Tunadai jambo dogo zaidi: kila jamii huchagua, kati ya maneno iliyo nayo, yale yanayolingana na swali inalotaka kuuliza. Kwa hiyo tukifuata maneno tutafuata maswali.

3. Mwari, kungwi na wazee

Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika kitabu chake juu ya desturi za Waswahili kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alieleza mafunzo ya wasichana wa mrima na kazi ya kungwi. Msichana aliyevunja ungo aliitwa mwari. Alikuwa na mwalimu wake maalumu, mwanamke mzima, ambaye alimfunda juu ya mwili, usafi, mume na adabu, na ambaye aliendelea kuwa karibu naye hadi ndoa. Mambo mawili yanafaa kukumbukwa hapa. Kwanza, umri haukuhesabiwa kwa miaka bali kwa mwili na kwa mafunzo. Pili, kulikuwa na mtu mzima mmoja, anayejulikana kwa jina, aliyekuwa na wajibu wa kusema na msichana juu ya mambo hayo.

Katika bara, taratibu zilitofautiana sana. Kwa Walega, ambao baadhi yao wako Maniema, mafundisho ya maadili ya watu wazima yalitolewa katika chama cha bwami kwa njia ya methali, ngoma na sanamu, na cheo cha mume kiliambatana na cheo cha mke. Utawala wa Kibelgiji ulipokipiga marufuku chama hicho mwaka 1948, haukuweka kingine cha kufundisha mahali pake.

Hata hivyo, hatuna budi kujihadhari na tabia ya kuyapamba mambo ya kale. Mfano wa Meru, nchini Kenya, ambao mwanahistoria Lynn Thomas aliuchunguza katika kitabu kilichotoka mwaka 2003, unatosha kutuonya. Huko, mimba iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa ya msichana ambaye hajapitia jando la wasichana, na wazee waliiondoa kwa nguvu. Maofisa Waingereza, wakihofia kupungua kwa watu, walijaribu katika miaka ya 1920 na 1930 kuzuia utoaji huo wa mimba kwa kushurutisha wasichana watahiriwe mapema zaidi. Hivyo wazee na wakoloni walibishana juu ya tumbo la msichana, kila upande na hesabu yake, naye mwenyewe hakuulizwa.

Kwetu Maniema karne ya 19 inatoa onyo jingine. Katika miji ya biashara ya watumwa, msichana aliyetekwa na kufanywa suria hakuwa na ndugu wa kuuliza "nani?". Jibu lilijulikana na kila mtu, lakini swali halikuweza kuulizwa. Na pale ukoo ulipokuwa na nguvu ya kuuliza, fidia ililipwa kwa baba au kwa wajomba. Swali la "nani?" lilikuwa swali la deni, na mdai hakuwa msichana.

4. Swali la baba mbele ya sheria

Utawala wa kikoloni uliingiza kipimo kipya. Katika Kongo ya Wabelgiji, agizo la mwaka 1936 lilikataza msichana ambaye hajavunja ungo kukabidhiwa kwa mume. Kipimo kilikuwa bado ni mwili. Miaka ndiyo iliyofuata: Sheria ya Familia ya mwaka 1987, wakati nchi ikiitwa Zaire, iliruhusu mwanamke kuolewa akiwa na miaka 15, Katiba ya mwaka 2006 ikatamka kwamba mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 ikakataza ndoa ya mtoto, na marekebisho ya Sheria ya Familia ya mwaka 2016 yakaweka miaka 18 kwa wote. Katika miaka 80 hivi, msichana yule yule wa miaka 16 amekuwa kwanza mwanamke, kisha mke halali, kisha mtoto.

Kuhusu baba, nchi jirani zilichukua njia zilizopishana. Kenya ilipitisha mwaka 1959 sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumshtaki mwanamume mahakamani ili atoe matunzo ya mtoto. Wasichana walioachwa na wanaume wenye mishahara waliitumia. Baada ya uhuru, bunge ambalo wabunge wake wote walikuwa wanaume liliijadili na kuifuta mwaka 1969. Miongoni mwa hoja zilizotolewa ni kwamba wanawake walikuwa wameigeuza mimba kuwa biashara. Ni vema kuitazama hoja hiyo kwa makini: mwanamke aliyeuliza "nani?" mbele ya hakimu aligeuzwa yeye kuwa mshtakiwa.

Sheria yetu ya mwaka 1987 ilishika njia nyingine. Ilitamka kwamba kila mtoto wa nchi hii ni lazima awe na baba, na kwamba hakuna mtu aliye na haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alitakiwa aandikishwe kwa baba yake katika muda wa miezi 12. Ikiwa baba hakupatikana, mahakama iliweza kuteua "baba wa kisheria" kati ya ndugu wa mama. Kwa maandishi, hii ni mojawapo ya sheria zilizouliza "nani?" kwa sauti kubwa zaidi. Hata hivyo, tuone ilivyouliza: ilitaka mtoto apate jina na ukoo. Juu ya mama mwenye miaka 15 na daftari lake la shule, haikusema kitu.

5. Shule na "kosa dhidi ya maadili"

Shule ndiyo iliyoligeuza swali. Katika Kongo ya Wabelgiji, elimu ya wasichana ilielekezwa kwa muda mrefu kwenye kazi za nyumbani na ualimu; mwanamke Mkongomani wa kwanza kupata shahada ya chuo kikuu, Sophie Kanza, aliipata mwaka 1964, miaka 4 baada ya uhuru. Kiti cha msichana darasani kilikuwa kitu adimu, na wakuu wa shule walikilinda kwa njia waliyoijua: msichana aliyeonekana kuwa na mimba aliondoka. Mwanamume hakuwa katika daftari la shule, kwa hiyo hakuna aliyemwondoa. Na alipokuwa katika daftari hilo, akiwa mwanafunzi au mwalimu, tumbo lake halikumsaliti.

Tanzania inatuonyesha jinsi desturi hiyo ilivyopata maneno. Kanuni za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi aliyetenda kosa dhidi ya maadili au aliyefunga ndoa. Neno "mimba" halimo katika sababu hizo. Lilisomwa ndani ya neno "maadili", na kwa miaka mingi wasichana walipimwa mimba kwa lazima shuleni na kufukuzwa kwa mujibu wa kosa ambalo kanuni haikulitaja. Kwa njia hiyo hali ya mwili ilifanywa kuwa tendo, na tendo la watu wawili likawa la mmoja.

Tarehe 22 Juni 2017, huko Chalinze katika Mkoa wa Pwani, Rais John Magufuli alitangaza kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi mwenye mimba atakayerudi shuleni. Tangazo hilo lilizua mjadala mkubwa ndani na nje ya nchi. Mkopo wa dola milioni 500 wa Benki ya Dunia kwa elimu ya sekondari ulicheleweshwa kwa sababu yake na kuidhinishwa Machi 2020. Waliomuunga mkono Rais walihofia kwamba msichana mmoja akirudi atawafundisha wengine. Waliompinga walitaja haki ya elimu. Lakini pande zote mbili zilijadili swali moja tu: afanywe nini? Baada ya kifo cha Rais huyo mwaka 2021, Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza tarehe 24 Novemba mwaka huo kwamba wasichana waliojifungua wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida, na waraka ukatolewa.

Haina maana kwamba mwanamume alisahauliwa na sheria zote. Tanzania ilitunga mwaka 1998 sheria kali juu ya makosa ya kujamiiana, na mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa ili anayempa mwanafunzi mimba afungwe miaka 30. Lakini sheria ya 1998 ilimwacha nje ya kosa mume aliyemuoa msichana wa miaka 15 au zaidi, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu ndoa hiyo. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kwamba ruhusa hiyo inapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Kwa hiyo, kwa muda mrefu, jibu la "nani?" liliweza kufutwa kwa jibu jingine: "mumewe".

Zanzibar inastahili kutajwa peke yake kwa sababu ya neno moja. Sheria ya mwaka 1985 iliwezesha mwanamke asiyeolewa kufungwa gerezani kwa kupata mimba. Ilifutwa mwaka 2005, na sheria mpya ikaondoa kifungo hicho. Kwa Kiswahili sheria hiyo ya 2005 husema juu ya kuwalinda "wari". Ni neno lile lile la kungwi. Mwari aliyekuwa mwanafunzi wa mwanamke mzima alikuwa sasa mtu wa mahakama. Tuongeze kwamba Zanzibar iliruhusu wasichana waliozaa warudi shuleni miaka kadhaa kabla ya Tanzania Bara. Na Kenya ilikuwa na sera ya namna hiyo tangu mwaka 1994. Umoja wa lugha si umoja wa siasa.

6. Magazeti, redio na hesabu

Vyombo vya habari havikuwa na sauti moja. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilikuwa na jarida lake, Sauti ya Siti, lililopewa jina kwa heshima ya Siti binti Saad. Waandishi hao walileta magazetini mambo ambayo yalikuwa yakinong'onwa nyumbani. Redio Tanzania ilianza mwaka 1993 kutangaza mchezo wa Twende na Wakati juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Katika mchezo wa redio kila mimba ina watu: kuna msichana, kuna mwanamume, kuna mama mkwe na majirani. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya wasikilizaji kuupenda.

Habari za kawaida, kinyume chake, zimegawanyika katika kurasa mbili. Katika ukurasa wa mahakama mwanamume ndiye kiima: fulani amefungwa miaka 30 kwa kumpa mwanafunzi mimba. Katika ukurasa wa takwimu hayupo kabisa: wasichana elfu kadhaa "wamepata" mimba katika wilaya fulani. Mtu mmoja mmoja anaadhibiwa. Umati wa wasichana unahesabiwa. Umati wa wanaume hauhesabiwi popote.

Mfano bora wa ukurasa wa takwimu ni ule wa Machakos. Juni 2020, shule za Kenya zikiwa zimefungwa tangu katikati ya Machi kwa sababu ya korona, vyombo vya habari vilitangaza kwamba wasichana 3,964 wa kaunti hiyo walikuwa wamepata mimba katika miezi 5. Habari ikaenea duniani. Wazazi walilaumiwa kwa uzembe, wasichana kwa tabia, simu kwa picha chafu, na serikali kwa kufunga shule.

Hesabu yenyewe ilihitaji kusomwa polepole. Ilitokana na wasichana wa miaka 10 hadi 19 waliofika kliniki ya wajawazito kati ya Januari na Mei. Ni wazi kwamba aliyefika kliniki Januari, Februari au mwanzoni mwa Machi alitunga mimba shule zikiwa wazi, na wengi wa Aprili na Mei vilevile. Zaidi ya hayo, kwa nchi nzima idadi ya miezi hiyo hiyo ya mwaka 2019 ilikuwa kubwa kuliko ya 2020. Na mwenye miaka 19, pengine ameolewa, alihesabiwa kapu moja na mtoto wa miaka 12. Baadaye utafiti uliofanywa katika kaunti ya Siaya ulionyesha kwamba kufungwa kwa shule kulizidisha kweli hatari ya wasichana wa sekondari kupata mimba. Hofu basi haikuwa ya bure, ila ushahidi uliotolewa Juni haukuwa ushahidi wake.

Neno "janga" hupenda kuandamana na hesabu za namna hii. Lakini takwimu za kitaifa zinasimulia habari ya polepole zaidi. Nchini Kenya, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokuwa wamezaa au wajawazito walikuwa asilimia 18 mwaka 2014 na asilimia 15 mwaka 2022. Tanzania walikuwa asilimia 27 katika utafiti wa 2015–2016 na asilimia 22 mwaka 2022. Katika Kongo, utafiti wa 2013–2014 ulipata asilimia 27, yaani zaidi ya msichana mmoja kati ya wanne. Hili si wimbi lililotokea jana. Ni hali ya muda mrefu, na hali ya muda mrefu haiponi kwa makelele ya wiki moja.

7. Kindu baada ya vita

Turudi sasa nyumbani. Waasi wa RCD waliingia Kindu Oktoba 1998, na mwaka 2002 mji ulizungukwa na Mai-Mai hata njia za chakula zikakatika. Katika vita hivyo wanawake na wasichana wa Maniema, kama wa Kivu, walibakwa na watu wenye silaha. Radio Okapi, iliyoanza kutangaza mwaka 2002, na mashirika yaliyokuja baada ya amani, yalilipa jambo hilo jina na kulitangaza. Ilikuwa kazi ya lazima, na bila hiyo zisingetungwa sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 juu ya unyanyasaji wa kijinsia, ambazo zinamlinda kila aliye chini ya miaka 18.

Lakini kazi hiyo ilituachia misamiati miwili isiyokutana. Kuna "ubakaji", ambao katika masikio ya wengi una bunduki na sare. Na kuna "mimba za utotoni", ambazo zina umaskini, mavazi mafupi na ukosefu wa malezi. Kati ya misamiati hiyo anapita mtu mmoja bila kuguswa: mwanamume mzima asiye na bunduki, anayejulikana mtaani Kasuku, Mikelenge au Alunguli, mwenye duka, pikipiki, chaki au cheo. Sheria ya 2006 inaliita tendo lake ubakaji, kama la askari, ikiwa msichana hajatimiza miaka 18. Lugha yetu inamtofautisha kila siku.

Mtu huyo anapojulikana, aghalabu familia mbili hukutana kwa yale yanayoitwa maafikiano ya kirafiki. Pesa hutolewa, mbuzi hutolewa, pengine mahari hukadiriwa na msichana huhamia kwa mwanamume. Wanasheria huyalaani maafikiano hayo, nao wana haki kwa upande wa sheria. Lakini ni lazima tuelewe hesabu ya mzazi. Kesi hugharimu nauli na muda. Mshtakiwa anaweza kuachiliwa kesho na kukutana nawe njiani. Mtoto atakayezaliwa atahitaji maziwa kabla ya hukumu. Mbele ya hesabu hiyo, mbuzi aliye mkononi ana uzito. Hivyo swali la "nani?" bado linaulizwa Kindu, tena kwa ukali. Linaulizwa kama lilivyoulizwa zamani, kwa kusudi la kulipana, na likishalipwa halirudiwi tena.

Linalopotea katika malipano hayo ni darasa. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini mimba huja zaidi katika umri wa sekondari, ambako mzazi hulipa minervali. Baba aliyeuza mpunga ili kulipa mwaka wa nne humwona binti mjamzito kama mali iliyopotea, na ni nadra kumlipia mara ya pili. Wakati huohuo aliyemtia mimba, kama ni mwanafunzi, ataketi katika mtihani wa taifa mwaka ule ule. Hapa hakuna kanuni iliyomfukuza msichana. Hesabu ya nyumbani imetosha.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kungwi alikuwa na jina na wajibu, lakini alifunda kwa ajili ya ndoa, kwamba wazee waliuliza "nani?" ili walipwe, kwamba sheria ya familia iliuliza "nani?" ili mtoto apate ukoo, kwamba shule iliacha kuuliza na kumwondoa aliyeonekana, na kwamba takwimu za magazeti zimemfuta mwanamume hata katika sentensi. Hakuna hata moja kati ya njia hizo tunayoweza kuirudia kama ilivyo.

Kwetu sisi wa Kiswahili, kazi ni ndogo lakini ni yetu. Tusiseme "kupata" pale ambapo ukweli ni "kutiwa", wala tusiseme "kutiwa" pale ambapo vijana wawili wa rika moja walipendana, kwa maana kauli ya kutendwa nayo inaweza kumnyang'anya msichana utu wake na kumfanya chombo tu. Kitenzi kichaguliwe kwa kufuata tukio lenyewe. Tusiwaweke pamoja mtoto wa miaka 13 na mke wa miaka 19 chini ya neno "utotoni", kwa sababu hawahitaji msaada mmoja.

Wanafunzi wetu wamezoea kuzipa kazi zao kichwa chenye maneno "sababu na matokeo". Chini ya "sababu" huorodhesha umaskini, mavazi, runinga na ukosefu wa elimu ya jinsia. Tungewaomba waongeze mambo mawili. Katika sababu, waandike wanaume: umri wao, kazi yao, uhusiano wao na msichana. Katika matokeo, wasiishie kwenye aibu na kuacha shule. Wafuatilie ni wasichana wangapi walirudi darasani, nani aliwalipia, na nani alimshika mtoto mama yake alipokuwa akisoma. Majibu ya maswali hayo yapo Kindu, katika nyumba tunazozijua. Hayajaandikwa kwa sababu hayajaulizwa.